Pengo la Namba 14

Jumanne, 3 Juni

Nimeamka saa kumi na mbili. Uji, halafu chumba cha vyuma. Nimemaliza panga zote kumi na tisa. Mafuta ya mashine yamebaki robo chupa, yatatosha mikuki.

Madame Odile amepiga simu kutoka Kisangani mara tatu kuniuliza kama meza zimefutwa vumbi. Mtu amefundisha ufundi wa chuma nusu ya maisha yake, leo anaulizwa vumbi. Sikumjibu vibaya, yeye ndiye mkubwa hapa. Nilimwambia wageni wa wiki ijayo watakuta chumba kinang'aa.

Na kinang'aa kweli. Hii ilikuwa stoo ya kahawa hapa Bunia, bado inanuka kahawa mvua ikinyesha. Sasa ni chumba cha kumbukumbu cha silaha za vita vyetu zilizookotwa au kurudishwa, kila moja na namba yake na jina la kijiji. Kabila hatuandiki. Hilo ni wazo la Madame, na kwa hilo namheshimu.

Panga nimezinoa pia. Hakuna aliyeniagiza. Lakini panga butu mbele ya wageni ni aibu ya mwenye nyumba. Hata ukiazima panga kwa jirani siku moja tu, unalirudisha limenolewa, la sivyo huazimwi tena. Tumelelewa hivyo. Namba 14 ndiyo iliyonitoa jasho. Ilikuwa na pengo katikati ya makali, ukubwa wa punje ya maharagwe. Pengo huwezi kuliziba, lazima ule makali yote mpaka ulifikie. Nimekaa kwenye jiwe saa moja na nusu. Sasa imenyooka kama rula.

Mkono haujasahau. Vita vilipofunga shule nilikaa sokoni na jiwe la kuzungusha kwa pedali ya baiskeli, nikinoa visu vya wamama. Leo nimefurahi kama siku zile za ujana.

Jumatano, 4 Juni

Jambo baya.

Mama Vumilia alikuja saa tisa, akitoka soko, na kikapu chake cha mboga za lenga-lenga. Anakuja kila Jumatano. Anasimama mbele ya namba 14, anaweka kidole gumba juu ya makali, anakaa hivyo dakika mbili tatu, anaaga, anaondoka. Madame alimpa ruhusa ya kugusa, yeye peke yake. Miaka minne ninamfungulia mlango na sijamuuliza kitu. Najua tu kwamba ndiyo panga iliyomuua mume wake.

Leo kidole kiliteleza. Damu ilidondoka kwenye kitambaa cheupe cha meza. Hakulia wala hakutazama kidole. Alitazama panga. "Iko wapi?" akasema. Nilidhani anataka kitambaa cha kujifunga. Nilimpa leso yangu. "Pengo, Papa Fundi," akasema. "Pengo iko wapi?"

Nilikimbilia nyuma kutafuta dawa. Kwa kweli nilikimbia tu. Niliporudi alikuwa ameondoka, kikapu kimebaki chini.

Siku silaha hizi zilipopokelewa tulisimama wote uwanjani, na Madame akasema kwa sauti mbele ya watu: chuma hiki hakitakata tena. Tuliitika. Mimi niliitika kwa nguvu, nina sauti.

Nimefua kitambaa. Doa halijatoka lote.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefungua faili ya 14. Mara ya kwanza. Mafaili ni ya Madame, chuma ni changu, ndivyo nilivyojigawia kazi.

Kurasa nne kwa mwandiko wa Madame, maneno ya Mama Vumilia. Wenye panga walikuja asubuhi. Mume wake alifunga mlango kwa komeo alilolitengeneza mwenyewe kutoka spring ya lori. Wakapiga mlango kwa panga. Moja ikagonga komeo, ikalia kama kengele, na yule aliyeishika akatukana kwamba panga lake limevunjika jino. Mama alikuwa chini ya kitanda na mtoto. Alisikia tusi lile. Halafu mlango ukakubali. Mtoto naye hakupona.

Nyumba ilichomwa, komeo likapotea. Miaka ikapita. Silaha zilipokusanywa uwanjani, lundo zima, Mama Vumilia alipita akishika moja moja kama mtu anayechagua mihogo, mpaka akafika kwa ile yenye jino lililovunjika. Watu walimwambia panga ni panga, yanafanana yote. Alijibu kwamba kidole chake kinajua. Kila aliyemwuliza, padri, watu wa uchunguzi, Madame mwenyewe, alimjibu kwa kuweka kidole gumba ndani ya pengo.

Hana kitu kingine. Hana picha ya mume, hana kaburi la mtoto. Alikuwa na pengo.

Nimelila kwa jiwe, na nilikuwa napiga mluzi.

Ni aibu tu ninayosikia, toka kichwani mpaka miguuni. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi Madame alinisomea kwa simu maandishi ya kadi mpya, ili nimtafutie mtu wa kuyachapa. Ya namba 14 ndiyo ndefu kuliko zote. Inaanza hivi: Tazama pengo katikati ya makali. Kuna mgeni kutoka ng'ambo, mtu wa makumbusho, anakuja kwa sababu ya panga hilo. Ameona nakala ya picha yake. Anataka kuliazima akalioneshe kwao.

Nilisema, ndiyo Madame. Ilinipasa kusema wakati ule. Alikuwa kwenye simu, mbali, na hasira yake ingepoa kabla ya kufika. Nilisema ndiyo Madame, safari njema.

Saa nane Mama Vumilia alifuata kikapu chake. Kidole kimefungwa kitambaa cha kitenge. Aliuliza tena, polepole, kama anayeogopa kunikosea. Na mimi, mtu mzima, mwalimu, nilimdanganya bila kutafuta maneno. Nilimwambia aligusa namba 15. Kwamba nilizihamisha wakati wa kufuta meza. Kwamba 14 iko nyuma, inakauka mafuta, ataiona Jumanne.

Alichukua kikapu. Akasema sawa, Papa.

Sikujua kama nina kipaji hiki.

Jumamosi, 7 Juni

Nimetengeneza pengo.

Nimefunga mlango kwa ndani, nikabana panga kwenye jiliwa. Nilichukua nakala ya picha kwenye faili, nikapima kwa rula kutoka ncha, kutoka mpini. Tupa ya mviringo kwanza, ya pembetatu baadaye. Dakika kumi na tano, kazi safi. Nikapaka limao na chumvi, nikaweka juani kwenye dirisha la nyuma mpaka kutu ikaanza, nikapangusa kwa mafuta machafu ya pikipiki. Ukisimama mbali hatua moja huwezi kujua.

Mimi najua. Chuma kikigonga chuma kinasukumwa pembeni, kinakunja mdomo. Tupa haisukumi, inakula. Halafu panga lenyewe sasa ni jembamba kuliko zamani. Lakini nani atatazama hivyo? Ni mafundi wangapi wanaokuja pale?

Nilipomaliza nililipenda. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Nililigeuza kwenye mwanga nikaona kazi nzuri.

Jumapili, 8 Juni

Misa ya kwanza. Sikupokea komunyo.

Binti yangu Neema alipiga simu kutoka Aru. Anasema, Papa, kuja ukae huku, wajukuu wanakuuliza, nyumba ina chumba. Kila mwezi ananiambia hivyo na kila mwezi ninasema chumba cha vyuma kitabaki na nani. Leo nilisema nakuja. Alicheka kwa furaha, nikasikia akimwita mume wake.

Nimefunga begi. Shati tatu, kaye hii ninayoandikia, redio.

Jumatatu, 9 Juni

Hakuna gari. Kwenye ajansi wamesema barabara ya Aru imefungwa tangu jana, kuna watu wenye silaha wameonekana mbele, na jeshi halipitishi mtu mpaka wapewe amri. Lini? Kijana wa tiketi alipandisha mabega. Wanamoto wa pale wakajitolea kunipitisha njia za porini kwa pikipiki. Mmoja alinicheka waziwazi, akasema, muzee, kwa begi hiyo watajua unakimbia muke.

Nimerudi. Nimeweka redio mahali pake.

Nimekaa katika chumba cha vyuma, mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo. Nondo nilizichomelea mwenyewe, hata panya hapiti. Nimeshindwa kutoka na nimeshindwa kukaa.

Niandike na hili, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nimesema nilikuwa nanoa visu vya wamama sokoni. Visu, ndiyo. Na panga. Kulikuwa na wiki ambazo wanaume walikuja watatu watatu, kila mmoja na panga mbili. Haikuwa msimu wa kulima. Mashamba yalikuwa yameachwa, kila mtu alijua, watu walikuwa wamejaa mjini wamelala kwenye veranda za shule. Nilizungusha jiwe. Nilijiambia ni za shamba. Leo zinatoka upande huu, kesho upande ule, wote nilinoa, na nilijisifu kwamba sibagui.

Jumanne, 10 Juni

Mama Vumilia alikuja mapema. Nilikuwa nimeweka 14 mahali pake, na 15 mbali.

Alifungua kitenge kwenye kidole. Kidonda bado kibichi. Akaweka kidole cha mkono wa pili, wa kushoto, ndani ya pengo langu. Akakaa. Niliangalia ukuta. Nilikuwa nasikia moto zikipita barabarani na kila moja niliihesabu kuwa ya mwisho, kwamba ikipita hiyo atasema.

"Ni yenyewe," akasema. Halafu, "Haiko sawa na zamani. Lakini ni yenyewe." Halafu akanitazama na kusema maneno ambayo sitaki kuyaandika, lakini nitayaandika. "Unisamehe, Papa Fundi. Nilikufikiria mubaya. Pengine ni uzee, macho na mikono inachoka."

Aliniomba msamaha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anavyomshika mkubwa.

Nilimsindikiza hadi langoni. Nilimwambia aende salama.

Jumatano, 11 Juni

Siku yake na hakuja. Jana alishakuja, nadhani. Lakini miaka minne hakukosa Jumatano, hata zile siku za risasi.

Madame amefika kwa ndege. Amesifu chumba. Ameleta samaki wa Kasenyi kutoka soko la hapa nyuma tule pamoja. Alipata mfupa kooni na sote tulicheka. Nampenda huyu mwanamke, amepigania chumba hiki peke yake. Nilikula samaki wake.

Alhamisi, 12 Juni

Ufunguzi rasmi. Viti vya plastiki, wakubwa wa mkoa, watoto wa kwaya, hotuba ndefu. Mgeni wa ng'ambo ni mwanaume mrefu, mpole, amevaa glavu nyeupe kabla hata ya kusalimia. Alizunguka meza akisema kipande kizuri, kipande kizuri. Anajua chuma. Alinieleza juu ya mkuki wa Djugu jinsi ulivyofuliwa, na hakukosea. Niliona aibu kumpenda. Anaongea kama mimi, mtu anayeona kazi ya mkono na kusahau mkono ulifanya nini.

Mbele ya 14 alitoa kioo cha kukuzia. Alikaa muda. Akageuza panga, akatazama ubapa, akarudi kwenye pengo. Alimvuta Madame kando. Nilikuwa karibu nao, wanasema Kifaransa, mimi nasikia Kifaransa vizuri. Alisema pengo hili ni la tupa, si la chuma kugonga chuma. Alisema kwa huruma kabisa kwamba hutokea, mashahidi wanaosubiri sana hutafuta kitu cha kushika, na wakati mwingine mtu huwasaidia kukipata.

Madame alibadilika rangi. Alimwita Mama Vumilia, aliyekaa mstari wa kwanza na kitambaa kipya kichwani. Akamwuliza taratibu, watu wakisikia, kama ana hakika ni hii.

Mama alisimama. Alitazama panga, akatazama kidole chake.

"Sijue tena," akasema. "Pengine nilikosa."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ufunguo shingoni, tai ya mkwe wangu shingoni. Nilinyamaza. Kwaya ikaimba.

Ijumaa, 13 Juni

Madame ametoa namba 14 mezani. Ametoa kadi pia, na kurasa nne. Anasema kama moja ni ya uongo watu watasema zote ni za uongo, na kuna watu hapa Bunia wanaosubiri kusema hivyo. Anasema kwa macho mekundu. Anafikiri Mama Vumilia alimlipa mtu amkatie pengo zamani, na hamhukumu, lakini hawezi kubaki na ushahidi wake.

Hakuniuliza mimi. Haimpitii akilini. Alinipa panga niliweke kwenye sanduku la chini.

Mezani pamebaki nafasi kati ya 13 na 15. Alisema nizisogeze, pasionekane. Nimezisogeza.

Mimi ni mwoga. Sina neno lingine na silitafuti.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda kwake.

Nilishuka kwa moto hadi darajani, nikapanda kilima kwa miguu. Nyumba ya bati, ua wa matete, tuta za lenga-lenga zimenyooka vizuri kuliko shamba la shule. Alikuwa anachuma. Alitaka kuniletea kiti, nikakataa. Nilisema nimesimama, Mama, niache nimalize. Nikamwambia yote, kuanzia jiwe. Namba 15, tupa, limao, chumvi. Sikuacha kitu.

Hakuacha kuchuma. Nilipomaliza alinyoosha mgongo.

Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti kabla ya leo. "Tangu ile siku sikulala," akasema. "Nilisema kichwa yangu imekufa. Nilipiga magoti, niliomba Mungu anisamehe juu ya mutu nilisingizia panga yake. Weye unajua ile maombi? Niliomba musamaha juu ya ule aliniulia mutoto." Akanirushia fungu la majani usoni. Maji na udongo. Sikujipangusa.

Alikaa juu ya jiwe la kufulia. Jogoo wake alikuwa anapita katikati yetu.

Halafu akaniuliza jambo ambalo katika miaka yote hakuna aliyeniuliza. "Wakati ya vita, weye ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikasema sokoni, na jiwe.

"Ulinoa mapanga?"

Nilinoa.

"Ya nani?"

Ya kila mtu, Mama.

"Basi na hii. Ile mara ya kwanza."

Nilisema sijui. Nikasema inawezekana. Nilisikia sauti yangu ikitoka ndogo, na mimi nina sauti kubwa.

Alitingisha kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayepokea bei aliyokwisha kuisikia. Akasema, "Utaandika. Vile ulifanya, yote mbili. Na jina yako utatia. Na panga irudi mezani. Nikiiona pale, najua haiko fasi ingine."

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, majani bado kwenye kola.

Jumatatu, 16 Juni

Nilimwambia Madame saa mbili, kabla hajaketi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda dirishani, akalia. Alisema ananiondoa leo hii. Nikavua ufunguo nikauweka mezani. Nilikuwa nimeshafunga begi.

Mama Vumilia alifika saa nne, sikujua kama angekuja. Hawakunifukuza mlangoni, kwa hiyo nilisikia. Madame alisema kitu kilichoharibiwa si ushahidi tena, hakiwezi kukaa mezani. Mama akasema mezani ndipo kitakaa. Mgeni naye alikuwapo, alikuja kuaga. Alipoelewa, macho yake yaliwaka. Alisema sasa hadithi ni kubwa zaidi, akaomba tena kuliazima, akaahidi kulitunza kama yai. Mama alimtazama mpaka akashusha mikono yake yenye glavu.

"Haiende," akasema. Na akanionyesha kwa kidevu. "Na huyu pia haiende. Akae pale karibu nayo. Mutu akiuliza, yeye ajibu."

Madame alibisha. Nilibisha hata mimi, nilisema mtoto wangu ananingoja Aru. Mama alikuwa anatazama nafasi niliyoiziba kati ya 13 na 15, na mimi nikaanza kuzisogeza nirudishe nafasi, bila kuambiwa.

Mwishowe Madame alikubali, na kadi nimeiandika kwa mkono wangu. Madame ameirekebisha nukta moja tu.

*Namba 14. Panga hili lilikuwa na pengo. Mama Vumilia alilitambua kwa pengo hilo, na alisema kweli. Pengo la kweli lilifutwa mwaka huu na mtunza chumba, Bahati, aliponoa panga kwa ajili ya wageni. Pengo unaloliona ni la uongo, alilikata yeye kuficha kosa lake. Bahati alikuwa mnoaji sokoni wakati wa vita. Huenda ndiye aliyelinoa na mara ya kwanza.*

Ukisoma jina lako kwenye kadi, chini ya namba, kwenye chumba kile, unajisikia kitu cha mezani.

Ufunguo umebaki kwa Madame. Atanifungulia asubuhi, atafunga jioni nikitoka.

Jumanne, 17 Juni

Barabara ya Aru imefunguliwa. Neema amepiga simu, ameshaandaa kitanda. Nimemwambia siji. Ameuliza kwa nini, nikamwambia yote, kwa simu, na salio lilikwisha kabla hajasema kitu. Hajapiga tena.

Jumatano, 18 Juni

Darasa moja la sekondari asubuhi, na mwalimu wao. Wasichana walisoma kadi kwa sauti. Mmoja mwenye miwani aliuliza Bahati ni nani, yuko wapi sasa. Nikasema, ni miye. Waligeuka wote. Akauliza kama nilijua panga zinaenda kufanya nini. Mwalimu alitaka kumkataza. Nikasema nilijua mashamba hayalimwi. Akaandika kwenye kaye yake.

Mama Vumilia alikuja saa tisa na kikapu. Hakugusa. Alikaa kwenye benchi la ukutani, wageni wawili wakaingia, wakasoma, wakaniuliza, nikajibu. Alisikiliza yote, kana kwamba anasikiliza kama nitaacha kitu. Sikuacha.

Aliomba maji. Nilimletea kikombe. Alipokipokea niliona kidole gumba. Kimepona, kimebaki mstari mwembamba.

Ameaga, amesema Jumatano ijayo. Nimesema niko hapa.